Kijikaratasi cha Lusinga: Rekodi za Vitu Vilivyotoka Mpala

Watu wa Ziwa Tanganyika wamezoea rekodi. Ziwa lao lina urefu wa kilomita 673, na hakuna ziwa la maji baridi duniani linalolifikia kwa urefu. Kina chake ni kama mita 1,470, na ni Baikal peke yake kule Urusi inayolizidi. Lakini shuka kusini kutoka Kalemie, ufuate ufuo wa magharibi hadi mto Lufuko unapoingia ziwani, utafika Mpala. Hapo pana misheni kongwe, mitumbwi, dagaa juani na milima ya Marungu kwa nyuma. Mgeni asingedhani kwamba kijiji hiki nacho kina rekodi. Kinazo, tena za aina yake: ni rekodi za vitu vilivyotoka.

Nilianza kuzikusanya kwa mzaha, kama mtu anavyokusanya habari za samaki mkubwa kuliko wote au mzee aliyeishi miaka mingi kuliko wote. Mzaha uliisha mapema.

Safari iliyotangazwa mapema kuliko zote

Vitu vingi vya makumbusho havikujua vinakokwenda. Mtu alinunua, mwingine akapora, kasha likafungwa, mzigo ukafika ulipofika. Kuna kimoja ambacho safari yake iliandikwa mwaka mzima kabla, mwenyewe akiwa bado hai na anatembea.

Mwezi Mei 1883, Émile Storms, ofisa wa jeshi la Ubelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold II, alivuka ziwa kutoka Karema na kuanzisha kituo kwenye ardhi ya mtemi aliyeitwa Mpala. Wakachanjiana damu, akajenga ngome. Wenyeji wakamwita Bwana Boma. Milimani alikuwako Lusinga, mtawala wa Kitabwa mwenye bunduki na biashara ya watumwa, ambaye hakuwa na haja ya bwana mwingine jirani yake. Desemba 1883 Storms aliandika katika shajara yake kwamba kichwa cha Lusinga huenda siku moja kikafika Brussels kikiwa na lebo ndogo, na kwamba kingependeza makumbushoni.

Tarehe 4 Desemba 1884, rugaruga wa Storms walipanda mlimani. Lusinga akauawa, kichwa kikakatwa. Watu wengi waliuawa siku ile, na wengi zaidi wakatekwa. Mwaka uliofuata Storms aliitwa arudi kwao, kituo wakakabidhiwa Mapadre Weupe, na fuvu la Lusinga likaondoka pamoja na mafuvu ya watawala wengine wawili, Mpampa na Maribu.

Mwaka 1886 Dkt. Émile Houzé aliwasilisha vipimo vya mafuvu hayo matatu mbele ya Jumuiya ya Anthropolojia ya Brussels: upana wa paji, urefu wa taya, na hukumu juu ya tabia ya marehemu iliyotolewa kutokana na mfupa. Siku hizi daktari akitoa hukumu ya namna hiyo atachekwa hata na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wakati ule iliitwa sayansi.

Baadaye mafuvu yalifika katika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, na mwaka 1964 yakahamishiwa Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia ya Ubelgiji. Kumbuka mwaka huo. Kongo ilikuwa imepata uhuru miaka minne kabla. Fuvu la Lusinga lilihama, ndiyo, lakini kutoka jengo moja la Ubelgiji kwenda jengo jingine la Ubelgiji.

Jambo lisilonipa usingizi ni lile la lebo. Ule ukatili wa Storms, wa kutaka kichwa chenye jina lililoandikwa vizuri, ndio unaotuwezesha leo kusema: huyu ni Lusinga, anatoka mahali fulani, ana watu wake. Pembeni yake katika makabati ya Ulaya kuna mafuvu mengi ambayo hayakupata hata kijikaratasi. Hayo nani atayadai?

Kitu kilichokaa sebuleni miaka mingi

Pamoja na kichwa iliondoka sanamu. Watabwa walichonga sanamu za mababu kwa ustadi mkubwa: mwili umejaa chale zilizopangwa kwa mistari, nywele zimesukwa na kuteremka mgongoni, magoti yamekunjwa kidogo kama ya mtu anayesikiliza. Sanamu ya Lusinga haifiki mita moja kwa urefu, lakini ilikuwa na uzito wa ukoo mzima. Aliyekuwa nayo alikuwa na hoja ya kutawala.

Ilibebwa kwa njia ya misafara kupitia Tabora hadi pwani na Zanzibar. Kutoka ziwani hadi pwani ni kama kilomita 1,200. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, na sanamu isiyofika mita moja ingekaa vizuri ndani ya mzigo wa mtu mmoja na nafasi ingebaki. Kwa hiyo kuna mtu, ambaye hakuna daftari lililojishughulisha na jina lake, aliyembeba babu wa Lusinga kichwani kwa miezi.

Ubelgiji, sanamu haikwenda makumbushoni. Ilikwenda nyumbani kwa Storms. Kuna picha ya sebule hiyo iliyopigwa mwaka 1929, miaka kumi na moja baada ya Storms kufa: samani za kizungu za wakati ule, silaha zimetandazwa ukutani kama nyara za mwindaji, na sanamu za Kitabwa zimesimama katikati ya vitu vya nyumba kana kwamba zinasubiri chai. Mjane wake ndiye aliyezitoa kwa makumbusho ya Tervuren miaka ya 1930. Nusu karne sebuleni! Miti iliyokuwa imezoea unyevu wa ziwa iliishi katika nyumba inayopashwa moto kila majira ya baridi, na hapo ndipo mbao hupasuka. Kwamba haikupasuka vipande ni sifa ya fundi aliyechagua gogo.

Anayehamisha sanamu kama hiyo leo ana taratibu zake, na nitazieleza kidogo kwa sababu ndizo zilizonivuta kwenye habari hii. Kwanza anaizunguka bila kuigusa. Anatafuta ufa, vumbi jipya chini ya kitako (unga laini ni dalili kwamba dumuzi anakula ndani), rangi inayobanduka. Anaandika ripoti ya hali yake na kupiga picha, ili ikifika na jeraha ijulikane lilitokea wapi. Anavua pete na saa. Anavaa glavu. Mkono mmoja unaingia chini ya kitako, mwingine unashika kiwiliwili, na meza ya kuiweka imeshaandaliwa kabla haijanyanyuliwa. Kasha lake limechongwa ndani kwa sponji kufuata umbo lake, ili isitikisike wala isibanwe. Likifika, halifunguliwi hapo hapo. Linaachwa siku nzima lizoee hewa ya chumba kipya.

Na sharti la kwanza kabisa, ambalo kila anayeanza kazi hii huambiwa asubuhi ya siku ya kwanza: sanamu hainyanyuliwi kwa kushika kichwa.

Historia ya sanamu na fuvu ilisimuliwa wazi ndani ya Tervuren kwenyewe katika maonyesho ya ExitCongoMuseum ya mwaka 2000. Mwanaanthropolojia wa Marekani Allen Roberts, aliyeishi na Watabwa miaka ya 1970, aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2013.

Muda uliopitilizwa kuliko wote

Hapa lazima tuvuke ziwa hadi Iringa, maana fuvu la Lusinga lina ndugu yake wa bahati. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asishikwe na Wajerumani, na kichwa chake nacho kikaenda Ulaya. Hakuna mabaki mengine ya Mwafrika, kwa ninavyojua, yaliyopewa kifungu chake katika mkataba wa amani wa dunia: Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, unaitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi 6.

Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, akakuta makumbusho yenye mafuvu kama 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hakuna lililokuwa na jina la Mkwawa. Ikabidi watafute kwa vipimo, wakilinganisha umbo la fuvu na vichwa vya jamaa zake walio hai, na kutafuta tundu la risasi. Lililochaguliwa lilikabidhiwa Kalenga mwezi Juni 1954, na liko pale hadi leo. Wahehe wamelipokea na kulienzi, na mimi sina la kuongeza juu ya hilo. Nasema tu kwamba mtu aliyetajwa katika mkataba wa mataifa alitafutwa kwa futi kamba, kwa sababu aliyemfunga kwenye kasha hakuandika maneno mawili.

Kirefu, kizito, kingi

Sasa rekodi za kawaida, zile ambazo watoto huzipenda.

Kirefu kuliko vyote huko Tervuren ni mtumbwi wa mita 22.5 uliochongwa kutoka gogo moja. Mwaka 1957 ulimchukua Leopold III, aliyekuwa mfalme wa Ubelgiji, katika ziara yake Kongo. Makumbusho yalipofungwa mwaka 2013 kwa ukarabati na kufunguliwa tena Desemba 2018, mtumbwi huo ulihamishiwa kwenye ukumbi mrefu wa chini ya ardhi, nao ndio kitu cha kwanza anachokutana nacho mgeni. Kuuhamisha kulihitaji hesabu za watu wa ujenzi kuliko za watu wa sanaa.

Kirefu kwa kwenda juu kimetoka Lindi. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 imesimamishwa Berlin kwa kimo cha mita 13.27, na Guinness wameitambua kuwa ndiyo mifupa mirefu kuliko yote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani. Kinachonivutia ni ufungaji. Tani zaidi ya 200 za mawe na mifupa zilibebwa kwa mabega ya watu, mwendo wa siku nne hadi bandarini, nyingi zikiwa zimevikwa magamba ya mianzi. Fundi wa vijijini aliyefunga vile alijua kazi: mwanzi ni mwepesi, hupinda bila kuvunjika, na hupitisha hewa. Baadhi ya vifurushi hivyo bado vipo Berlin vimefungwa na mwanzi ule ule.

Makasha mengi kuliko yote yaliyowahi kuja ziwani yalikuja kinyumenyume, kutoka Ulaya. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa ikawa makasha kama 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha, ikiwa imepakwa mafuta mazito kwenye mashine zake. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mashine zilikuwa nzima. Sasa tunaiita Liemba. Watu wa makumbusho wanaoficha chuma kisile kutu wangeitaja mara nyingi zaidi kama isingekuwa meli.

Kitu hatari kukigusa

Hili nilipite haraka. Makumbusho ya zamani yalipambana na nondo na dumuzi kwa kunyunyiza aseniki na DDT. Manyoya, ngozi na nyuzi vilivyonyunyiziwa miaka hiyo vinaweza kuwa na sumu hadi leo, ndiyo maana glavu zinamlinda mtu kuliko zinavyokilinda kitu. Siku hizi wadudu huuawa kwa baridi: kitu kinafungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa na kuwekwa kwenye friza ya digrii 30 chini ya sifuri kwa siku kadhaa. Lakini fikiria kofia ya manyoya inarudishwa kijijini, wazee wanataka kuivaa siku ya matambiko. Nani atawaambia waende kwanza maabara?

Waliorudi, na waliorudi wakapotea tena

Waganda wana haki ya kujisifu. Makumbusho ya Uganda, ya mwaka 1908, ndiyo makongwe Afrika Mashariki, na mwaka 1962, mwaka wa uhuru, yalipokea kutoka Cambridge masalia ya Kibuka, mungu wa vita wa Baganda, taya lake likiwamo. Kuna nchi za Ulaya ambazo hadi leo zinazungumza kuhusu urejeshaji kana kwamba ni wazo la juzi.

Kongo ilianza kudai kwa sauti kubwa mwaka 1973, Mobutu aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa kulalamikia kazi za sanaa zilizochukuliwa. Mwaka 1976 ikarudi sanamu ya ndop ya mfalme wa Wakuba, na kufikia 1982 vitu 114 vya Tervuren vilikuwa vimefika Kinshasa. Kisha ukaja mwaka wa vita na kuanguka kwa Mobutu, na baadhi ya vitu vilivyohifadhiwa Kinshasa vikaibwa na kuonekana katika soko la sanaa la Ulaya. Hapo ndipo wanaopinga urejeshaji hukaa na kunyoosha miguu: mmeona? Huwa nawajibu kwamba mnunuzi naye alikuwa Ulaya, na kwamba mwizi hana soko bila mteja.

Wapokomo wa Tana nao bado wanasubiri. Ngoma yao takatifu, Ngadji, ilichukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita na iko British Museum tangu 1908. Imekaa ghalani, haionyeshwi. Ngoma kubaki kimya zaidi ya miaka mia moja nayo ni rekodi, ingawa sijui uipe medali gani.

Tervuren peke yake ina vitu vya utamaduni zaidi ya laki moja, na vinavyoonekana na mgeni ni kama asilimia 1. Vingine viko kwenye rafu, gizani, nambari zimeandikwa kwa wino mdogo mahali pasipoonekana: chini ya kitako, ndani ya mpini, nyuma ya sikio. Niliwahi kuingia katika makumbusho moja, siyataji, nikaona kinyago kizuri ajabu na lebo yenye maneno mawili: "Kinyago, Afrika." Nilisimama pale nikajisikia kama mtu aliyetambulishwa harusini kwa jina la "mgeni".

Na Mpala ina rekodi nyingine isiyo ya kuchukuliwa, bali ya kuandika. Kwenye seminari ndogo ya misheni yake alisoma Stefano Kaoze, mtoto wa nchi ya Marungu, aliyepata upadre tarehe 21 Julai 1917, padre Mkatoliki wa kwanza Mkongo wa zama hizi. Miaka saba hivi kabla ya hapo alishachapisha kwa Kifaransa insha juu ya fikra za Wabantu, maandishi yanayohesabiwa kuwa ya kwanza kuchapishwa na Mkongo kwa lugha hiyo. Robo karne baada ya Houzé kupima mafuvu na kueleza Watabwa walivyo, kijana wa huko huko alishika kalamu akaeleza mwenyewe.

Mwaka wenye hekaheka kuliko yote

Ni 2022, bila ubishi. Februari 17, Waziri Mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi mwenzake wa Kongo orodha ya vitu kama 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren. Ni lebo nyingi kwa mkupuo mmoja. Juni 8, Mfalme Philippe alifika Kinshasa na kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, akakiacha katika Makumbusho ya Taifa kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo! Kiswahili kina methali nyingi za kuazima, lakini hakuna inayoelekeza mwenye mali afanyeje anapokopeshwa mali yake. Juni 20, jino la Patrice Lumumba, mabaki yake pekee, lilikabidhiwa familia mjini Brussels, likazungushwa nchini ndani ya jeneza na kuzikwa Kinshasa Juni 30. Ni kitu kidogo kuliko vyote katika orodha hii na ndicho kilichosimamisha nchi. Julai 3, Ubelgiji ikapitisha sheria ya kurejesha vitu vya enzi za ukoloni.

Sheria hiyo ilihusu vitu. Mabaki ya watu yaliwekwa kando. Mradi wa watafiti uliopewa jina HOME, ulioanza mwishoni mwa 2019, ulichambua mabaki ya binadamu yaliyoko Ubelgiji na kushauri yarudishwe kwa wanaoyadai. Fuvu la Lusinga ni miongoni mwa yaliyochunguzwa.

Kiangazi hicho hicho, katika bustani ya Square de Meeûs, kitongoji cha Ixelles, wafanyakazi walikuja na winchi. Juu ya nguzo ya mawe palikuwa na sanamu ya shaba ya Jenerali Storms, kichwa na mabega, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ikimwagiwa rangi nyekundu na vijana wa mji. Ikashushwa. Uongozi wa kitongoji ukaamua iende kwenye makumbusho ya Tervuren.

Kwa hiyo Bwana Boma sasa ni kitu cha makumbusho, naye anafuata taratibu. Anazungukwa kwanza bila kuguswa. Ripoti ya hali inaandikwa: madoa ya rangi, mikwaruzo, kutu ya kijani kwenye mikunjo ya koti. Mkono mmoja chini ya kitako, mwingine kifuani. Kisha mtu anachukua kalamu na kijikaratasi kidogo.